Mtoto Ametangulia ao Ni wa Kawaida? Vipimo vya Wazee na Vipimo vya Fishi

Kati ya maulizo ambayo wazazi wa leo wanaulizana, moja limekuwa la kila siku. Wanalisema mbele ya kilo ya kupimia watoto, kwenye mlango wa maternele, kiisha misa, hata kwenye matanga. Mama mmoja anasema: "Wangu alitembea na miezi tisa." Mwenzake anajibu: "Wangu hajatembea, lakini anahesabu mpaka kumi kwa Kifaransa, na hata miaka miwili hajamaliza. Ile ni kawaida, ao iko na akili ya kupita?"

Swali hili linaonekana dogo, lakini si dogo. Kwa ajili yake, mtoto wa miaka minne anaingizwa katika darasa la kwanza kabla ya wakati wake. Kwa ajili yake, mtoto mwingine anafichwa nyumbani juu amechelewa kusema. Na katika miji yetu, tangu miaka ya 1990, kuna watoto waliofukuzwa na ndugu zao juu walionekana werevu kupita umri wao. Basi tumeona vema kutafuta katika kurasa hizi chache swali lenyewe lilitoka wapi, wazee wetu walikuwa wanapima namna gani, na vipimo vipya vilivyokuja na fishi vilileta faida gani na makosa gani.

1. Ngazi isiyo na tarehe

Tuanze na lugha, maana lugha inatunza mambo ambayo watu wamesahau. Kiswahili kina ngazi nzima ya maneno juu ya mtoto mdogo. Kwanza ni mtoto mchanga. Kiisha anakaa kitako. Kiisha anatambaa. Kiisha anasimama dede, maana yake anasimama akiyumba, mikono hewani, anaanguka, anasimama tena. Kiisha anakwenda tete, hatua mbili tatu kuelekea mikono ya yaya wake. Kiisha analikizwa, ndiyo kusema anaachishwa ziwa. Lugha zetu za nyumbani, Mashi, Kinande, Kilega, Kibembe, Kiluba na zingine, nazo zina namna zao za kusema mambo haya.

Tuangalie vizuri ngazi hii. Hakuna neno hata moja lenye hesabu ya miezi ndani yake. Kila neno linasema mtoto anafanya nini, na palepale nyumba nzima inajua inapashwa kufanya nini. Akikaa kitako, anawekwa kwenye beseni na vitambaa pande zote, na mama anapata mikono yake miwili. Akitambaa, mafiga na sufuria ya moto vinatafutiwa ulinzi. Akienda tete, mlango unafungwa na njia ya mtoni inachungwa. Neno lilikuwa habari kwa watu wa nyumbani, halikuwa sifa ya mtoto.

Tena, miezi yenyewe ilikuwa ngumu kuhesabu. Watu wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa, na hata leo watoto wengi wa Kongo hawana cheti cha kuzaliwa. Umri ulishikwa kwa jambo kubwa lililotokea. Kule Goma mpaka leo utasikia: "Huyu alizaliwa mbele ya volkano", na hapo unapashwa kuuliza ni volkano gani, ya Januari 1977, ya Januari 2002, ao ya Mei 2021. Mtoto alilinganishwa na yaya wake alipokuwa kama yeye, na watoto waliozaliwa naye msimu mmoja. Tofauti ya mwezi mmoja ao miwili haikuonekana, na isiyoonekana haikumsumbua mtu.

Lakini tusipake sukari mambo ya zamani. Wazee hawakuhesabu miezi, ila waliangalia sana utaratibu. Meno ya chini yalipashwa kutoka mbele ya meno ya juu. Mtoto aliyetokwa kwanza na meno ya juu, Waswahili wa pwani walimwita kigego, na Wabemba, ambao wengine wao ni watu wa kusini ya Katanga, walimwita chinkula. Mtoto kama huyo alihesabiwa kuwa wa bahati mbaya kwa ukoo wake. Wengine walitolewa kwa watu wa mbali, na wengine waliuawa. Mtoto hakuwa na kosa, ni jino tu lililokosea zamu yake. Leo tunajua kwamba zamu ya meno inaweza kugeuka bila ugonjwa wowote na bila maana yoyote juu ya maisha ya mtoto. Tunaandika jambo hili mapema kwa sababu tutalikuta tena mbele: kuogopa mtoto aliyetoka katika mstari ni desturi ya zamani, na haijakufa.

2. Mtoto anayetumwa

Zaidi ya utaratibu wa mwili, wazee walikuwa na kipimo cha akili. Kipimo hicho kilikuwa kutuma.

"Enda uniletee chumvi." "Peleka kikombe hiki kwa mugeni." "Enda kwa shangazi, mwambie mama anaomba kaa la moto." Maneno haya tumeyasikia sisi wote. Mtu wa nje atafikiri ni kazi tu, tena kazi ya kumchosha mtoto. Kumbe ndani yake kuna mtihani mzima. Mtoto amesikia maneno mpaka mwisho? Ameyashika njiani, ao ameyasahau alipokutana na wenzake wanacheza? Alipofika alisalimia mbele ya kuomba? Alimpa mugeni kikombe kwa mikono miwili? Alirudi na jibu? Na alipotumwa kuleta ndizi mbili, zilifika mbili, ao moja na ganda?

Kutuma kulianza mapema sana, mara tu mtoto anapoweza kwenda tete. Kwanza ni ndani ya nyumba: "Nipe ile." Kiisha ni uani. Kiisha ni kwa jirani. Kiisha ni kwenye soko na makuta mkononi. Tate ao kambo aliyekaa kivulini aliona yote. Hakuandika kitu, lakini ukimuuliza kati ya wajukuu wake yupi ana akili, alijibu bila kusita, na alitoa sababu: "Huyu ukimtuma, moyo unatulia."

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Jirani zetu wa Zambia wameandikiwa juu yake kitabu kizima. Mwalimu Robert Serpell alifanya kazi miaka mingi katika vijiji vya Wachewa, upande wa Katete, akatoa kitabu chake katika mwaka 1993. Hakuwauliza watu wazima "mtoto gani ana akili?" tu. Aliwapa hali za kila siku na kuwauliza wangemchagua mtoto gani kwa kazi fulani, na kwa nini. Aliona kwamba neno lao la akili, nzelu, linabeba mambo mawili pamoja: ubongo mwepesi, na moyo wa kuaminika wenye kukubali kutumwa. Mtoto mwerevu asiyeaminika hakuwa na nzelu kamili, alikuwa mjanja tu. Na hukumu ya watu wa kijiji haikupatana sana na matokeo ya vipimo vya kisomo. Kila upande ulikuwa unapima kitu tofauti.

Kati yetu pia kuna tofauti hiyo. Tunasema "mtoto wa akili", na tunasema "mtoto mjanja", na kila mzazi anajua kwamba hayo si maneno mamoja.

3. Kilo, fishi na mizani ya wageni

Kipimo cha pili kilikuja na wakati wa wakoloni. Wamisionere na waganga wa Kibelgiji walifungua siku za kupima watoto, na kule Katanga kampuni ya Union Minière ilifanya hivyo kwa nguvu sana. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni iliacha desturi ya kuleta wanaume peke yao kwa muda mfupi, ikawakubalia wafanyakazi kukaa kambini na wake na watoto. Mama walipashwa kuleta watoto wao wapimwe uzito, na watoto walipewa chakula. Watoto wengi waliokuwa wanakufa walipona, na hilo ni jambo la kusifu. Lakini tuseme ukweli wote: kampuni ilikuwa inatafuta wafanyakazi wa kesho. Mtoto kwenye kilo alikuwa mtoto, na palepale alikuwa hesabu ya kampuni.

Kutoka hapo mama wa kwetu walizoea kupeleka mtoto "ku kilo", na kurudi na fishi mkononi. Fishi ina mstari. Mtoto yuko juu ya mstari, ao yuko chini. Na mtu akizoea mstari wa uzito, hakawii kutafuta mstari wa akili.

Mstari wa akili ulikuwa umekwisha kutengenezwa Ulaya na Marekani. Katika mwaka 1905, kule Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa vipimo vya kwanza vya akili ya watoto. Wengi hawajui sababu yake. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua watoto gani wanashindwa kufuata masomo ya kawaida na wanahitaji msaada wa pekee. Binet hakutaka kutafuta mabingwa. Alitaka aliyebaki nyuma asaidiwe, na aliamini kwamba akili inaweza kuzidishwa kwa mafundisho. Kiisha kifo chake katika mwaka 1911, wengine walichukua vipimo vyake wakavigeuza kuwa namba ya kumbandika mtu maisha yake yote.

Kwa watoto wadogo kabisa, aliyejulikana sana ni munganga Arnold Gesell wa chuo cha Yale, Marekani. Yeye alichukua watoto wa mji wake, akawaangalia mwezi kwa mwezi, akawapiga hata picha za sinema, akaandika mtoto wa miezi fulani anafanya nini. Kitabu chake cha 1925 kilienea. Hapo ndipo ngazi ilipopata tarehe: kukaa mwezi huu, kusimama mwezi ule, kusema mwaka ule. Lakini tarehe hizo zilikuwa za watoto wa mji mmoja wa Marekani, na zilipelekwa dunia nzima kana kwamba ni za wanadamu wote.

4. Ng'ambo ya Ziwa Edouard: watoto "waliotangulia"

Haikuchukua miaka mingi, mizani ya Gesell ikafika Afrika, na ikaleta maajabu. Katika miaka ya 1950, Marcelle Geber, mwanamke Mfaransa mtaalamu wa saikolojia, aliwapima mamia ya watoto kule Kampala, kwa jirani zetu wa Uganda. Katika mwaka 1957 alitangaza matokeo yake: watoto wa Kampala walikaa, walisimama na kutembea mbele ya watoto wa Ulaya, na walionekana wepesi kwa mambo mengi katika mwaka wao wa kwanza. Kiisha kulikizwa, wengi walipunguza mwendo. Geber mwenyewe alionyesha kidole uhusiano na mama: mtoto alibebwa, alinyonyeshwa kila alipotaka, alikuwa katikati ya watu, na siku moja aliachishwa ziwa ghafula, mara nyingine akapelekwa kwa bibi yake mbali.

Habari hii ilizua mabishano makubwa. Wengine nje walikimbilia maelezo ya damu, kama vile mtoto Mwafrika amezaliwa kwa namna nyingine. Jibu zuri lilitoka Kenya. Charles Super alikaa na Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet, akaandika katika mwaka 1976 jambo ambalo mama yeyote wa kwetu angeweza kumwambia bure: watoto wanafundishwa! Wakipsigis wana maneno ya kumfundisha mtoto kukaa na kumfundisha kutembea. Wanachimba kishimo, wanaweka nguo, wanamkalisha ndani ili mgongo ushike nguvu. Wanamshika makwapani wanamrukisha. Katika mambo hayo watoto wao walitangulia wale wa Marekani karibu mwezi mmoja. Lakini katika mambo ambayo hawafundishwi, kama kutambaa, hawakutangulia.

Hapa ndipo fumbo linafunguka. Mtoto anatangulia pale ambapo watu wake wanamtia mkono. Tukirudi kwetu Ituri, mfano ni wazi. Watafiti waliokaa na Waefe wa msitu wa Ituri katika miaka ya 1980 waliandika kwamba mtoto mchanga anapita mikono mingi: akifika miezi minne hivi, zaidi ya nusu ya muda wa mchana anashikwa na watu wengine, si mama yake. Na Barbara Rogoff, katika kitabu chake cha 2003, aliweka picha ya mtoto Mwefe wa miezi 11 anakata tunda kwa panga, ndugu yake anamwangalia. Mzazi wa Brussels angepiga kelele. Mzazi wa Ituri hashangai, maana mtoto huyo ameona panga tangu alipofungua macho, na mtu mzima yuko karibu. Swali ni hili: mtoto huyo ametangulia, ao ni wa kawaida? Kwake ni wa kawaida kabisa. Mpe kalamu ya rangi na kitabu cha picha, ambavyo hajaviona, utasema amechelewa. Ni mtoto yuleyule.

5. Idjwi na Lwiro: kuchelewa kunakotoka nje ya mtoto

Kama kutangulia kunaweza kutoka katika mikono ya watu, kuchelewa nako kunaweza kutoka nje ya mtoto. Hilo lilionekana wazi katika Ziwa Kivu letu.

Kwenye kisiwa cha Idjwi, upande wa kaskazini, watu wengi walikuwa na rovu shingoni, kuliko wale wa kusini-magharibi. Tena walizaliwa watoto wengine ambao walikaa wafupi, walikawia kusema na kuelewa, hata kusikia. Katika miaka ya 1960 na 1970, waganga wa Kibelgiji na wa Kongo waliokuwa wanafanya kazi na kituo cha IRSAC cha Lwiro, kituo kilichoanzishwa katika mwaka 1947, walichunguza jambo hili. Waliona kwamba iyodi ilikosekana katika udongo na maji ya kisiwa kizima, na kwamba sumu inayobaki katika muhogo usiotayarishwa vema iliongeza ubaya palipoliwa sana. Dawa ilikuwa iyodi: kwanza kwa sindano ya mafuta, kiisha kwa chumvi. Mtoto ambaye jirani wangemwita "mjinga" ao "wa kulaaniwa" alikosa kitu kidogo sana ambacho mama yake hakukipata alipokuwa na mimba.

Lwiro hiyohiyo ilijulikana pia kwa matunzo ya watoto wa kwashiorkor. Mtoto aliyeachishwa ziwa akabaki na ugali wa muhogo peke yake, anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, na jambo ambalo mama wanaliona mbele ya yote: anaacha kucheza. Anakaa. Alikuwa anakwenda tete, sasa hataki kusimama. Watu wa Kampala walikuwa wameona kupunguza mwendo kiisha kulikizwa. Kivu inatufundisha kwamba sehemu moja ya jambo hilo ilikuwa ndani ya sahani.

6. Mtoto mwerevu na hatari yake

Tumesema kwamba kuogopa mtoto aliyetoka katika mstari hakujafa. Tangu miaka ya 1990, wakati wa njaa, vita na kuvunjika kwa jamaa, watoto wengi wa Kongo walishitakiwa uchawi, wa kwanza sana katika Kinshasa, kiisha katika miji mingine. Ukisikiliza sababu zinazotolewa, utakuta mtoto yatima, mtoto mkaidi, mtoto wa kifafa, mtoto anayekojoa kitandani. Lakini utakuta pia mtoto anayesema mapema, anayeuliza maulizo ya watu wakubwa, anayekumbuka kila kitu. "Akili hii si ya mtoto," wanasema. Zamani lilikuwa jino la juu, leo ni swali lililowashinda watu wazima kujibu.

Tuseme bila kuficha: huo ni uongo, na ni kosa mbele ya sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inampa mwenye kumshitaki mtoto uchawi kifungo cha mwaka mmoja mpaka miaka mitatu, pamoja na faini. Mtoto anayeuliza sana ni mtoto aliyesikilizwa, aliyezungukwa na maneno, ao aliyezaliwa na kipaji. Hakuna la nne.

Hatari nyingine ni ndogo kuliko hiyo, lakini imeenea zaidi: mtoto wa kuonyesha. Mugeni akifika, mtoto anaitwa: "Hesabu! Sema alfabeti!" Anahesabu mpaka kumi, watu wanapiga makofi, na baba anaanza kusema habari ya kumrukisha darasa. Hapa kipimo cha wazee kinaweza kutuokoa. Mtaalamu wa Marekani Karen Wynn, katika mwaka 1990, alitangaza uchunguzi wake: watoto wadogo wanaweza kutaja namba kwa mfululizo mzuri, lakini ukiwaomba wakupe vitu vitatu, wanashika tu vinavyojaa mkononi. Namba kwao ni wimbo bado. Mara nyingi ni katika mwaka wa nne wa maisha, ao karibu ya kuumaliza, ndipo maana kamili ya kuhesabu inakuja. Basi, kabla ya kupiga makofi, mtume: "Niletee vijiko vitatu." Akileta kiganja kizima, si kwamba hana akili. Ni mtoto wa umri wake. Akileta vitatu kweli na hajafika miaka mitatu, hapo unaweza kutabasamu. Tate wetu hakumsoma Karen Wynn, lakini aliomba ndizi mbili na akaangalia ni ngapi zilizofika.

7. Basi tupime namna gani?

Hatusemi fishi itupwe. Katika mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kufuata watoto 816 wenye afya wa nchi tano: Ghana, Uhindi, Norway, Oman na Marekani. Safari hii hapakuwa na tarehe moja, palikuwa na mlango mpana. Kukaa bila kushikwa: kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Kutembea peke yake: kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na walitembea vizuri. Aliyetembea na miezi 9 na aliyetembea na miezi 16, wote wawili wameingia kwa mlango mmoja.

Tena, mbio za mapema hazitabiri mambo ya mbele. Nancy Bayley, aliyeanza kufuata watoto wa Berkeley, Marekani, katika mwaka 1928, aliona kwamba alama za mwaka wa kwanza hazikuonyesha akili ya mtoto huyohuyo alipofika umri wa masomo. Wa kwanza kwenye kilo anaweza kuwa wa katikati darasani, na wa mwisho anaweza kumpita.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, tunashauri hivi. Andika tarehe ya kuzaliwa, na kama mtoto alizaliwa mbele ya wakati, hesabu tangu siku aliyopashwa kuzaliwa. Mlinganishe na yeye mwenyewe: mwezi huu ameongeza nini juu ya mwezi uliopita? Hesabu maneno yake ya lugha zote pamoja. Mtoto wa Bukavu anayesikia Mashi kwa bibi, Kiswahili uani na Kifaransa kwa baba, akijua maneno ishirini ishirini katika kila lugha, hajachelewa, ana maneno sitini. Na umtume, kidogo kidogo, kwa kazi isiyo na hatari, ukiangalia anashika nini.

Lakini kuna alama ambazo si za kungoja. Mtoto asiyestuka kwa kelele. Mtoto ambaye miezi 18 imepita hatembei. Mtoto ambaye miaka miwili imetimia haunganishi maneno mawili, kwa mfano "mama maji". Mtoto anayetumia upande mmoja tu wa mwili. Na zaidi ya yote, mtoto aliyekuwa anajua jambo, kiisha akalipoteza. Huyo apelekwe kwenye kituo cha afya upesi, asipelekwe kwanza penye maombi ya kufukuza pepo. Masikio yanaweza kupimwa, damu inaweza kupimwa, chakula kinaweza kuongezwa. Aibu ya wazazi haimponyi mtoto.

Na aliyetangulia kweli? Naye anahitaji matunzo, si maonyesho. Umpe hadisi ndefu kuliko za wenzake, vitendawili, na kazi yenye kufikirisha. Umjibu maulizo yake, na usipojua, mwambie hujui. Umwache katika darasa la wenzake wa umri wake mpaka mwalimu na wazazi wakae pamoja waone kama mwili na moyo wake viko tayari, maana akili inaweza kukimbia mbele na miguu ikabaki ya mtoto.

Wazee walikosea kwa kigego, na sisi tumekosea kwa mtoto anayeuliza sana. Wageni walikosea kwa kuchukua tarehe za mji mmoja na kuzifanya sheria ya dunia. Lakini wazee walipatia walipomtazama mtoto akitumika kati ya watu, Binet alipatia alipotafuta aliyebaki nyuma ili amsaidie, na fishi inapatia inapotuonya mapema. Kipimo chema ni kile ambacho, kiisha kupima, watu wa nyumbani wanajua wafanye nini kesho asubuhi kwa mtoto huyu. Kama kinatupatia tu la kujisifia ao la kumwogopa, tukiache.